Mifuko Mitano ya Barafu

Kwa Hannah na Bonface,
Al-Hindawiyah, Jeddah.
Ijumaa, 21 Februari 2025.

Mpendwa mdogo wangu Risper,

Uko aje huko Mbale? Na ile baridi ya miguu, imekuacha ama bado unapika na soksi mbili? Mimi hapa ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na nimenenepa mpaka nguo ya kazi nimeiongeza kitambaa ubavuni. Mama macho yanaendelea vipi? Ile dawa ya matone anaiweka, ama ameificha kwa kabati pamoja na zile zingine? Na Hezekiah wako amemaliza ule ukuta, ama bado anasema mchanga haujafika? Mwambie shemeji yake amemsalimia, na kwamba mchanga hauna miguu.

Usishtuke kuona barua. Najua simu iko, na najua wewe unapenda voisi. Lakini haya ya leo si ya simu, utaona mwenyewe kwa nini. Bonface, mume wa Hannah, yule karani wa Bandari ya Jeddah, anakuja likizo Jumanne, na ameniapia ataiweka barua mkononi mwako, si kwa duka, si kwa pikipiki. Mwandiko vumilia. Unajua vile mimi na darasa la nne tuliachana mlangoni.

Sababu ya kuandika ni hii. Nimesikia mama yake Velma, yule wa nyanya hapo Chavakali, anazunguka akisema mimi nilifukuzwa Riyadh kwa sababu ya mdomo. Ati nilimharibia bosi wangu kazi. Sasa keti nikupe yote vile ilivyokuwa, nzuri na mbaya, ndio ukikutana naye sokoni usisimame hapo kama mti.

Bosi wangu unamjua kwa picha, yule mwembamba mwenye ndevu. Anaitwa Fulgensio Areko, ni mtu wa Paraguay, Amerika ya Kusini. Kazi yake ni mpira, na kwenye mpira anacheza katikati, wanaita kiungo. Mimi nilikuwa sijui maana yake mpaka nikamwangalia vizuri. Kiungo ni kama yule mama wa jikoni kwenye matanga. Kila sufuria inapita mkononi mwake, halafu wageni wakishiba wanamshukuru aliyebeba sinia.

Alianza kulipwa kwa mpira akiwa na miaka kumi na nne. Kwao udongo ni mwekundu kama wetu, alinionyesha picha nikadhani ni ile barabara ya kushuka kwa kina Elijah. Akaenda Argentina, akaenda Mexico, akakaa Uhispania miaka mitano. Huko ndiko goti la kulia lilikatika, likashonwa, watu wakasema ndio basi. Akarudi uwanjani. Akiwa na thelathini na tatu wakamleta Riyadh, na msimu wa kwanza tu wakamvalisha kitambaa cha nahodha. Mimi nilichukuliwa wakati huo, kupika na kumwangalia mtoto wao Pilar. Mke wake, madam Grasiela, hana maringo. Anakula ugali kwa mkono.

Sasa kuna jambo la barafu, na hili ushike vizuri. Kwao wana majani fulani wanakunywa, si chai kama yetu, hii inanyweka baridi, kwa mrija wa chuma. Bila barafu hainyweki. Fulgensio anaanza asubuhi anamaliza jioni. Kwa joto lile la Riyadh nilikuwa naenda bakala, yaani duka la pembeni, naleta mifuko miwili ya barafu kila siku. Miwili, Risper. Kidogo tu, kama ngumi yangu, ndiyo alikuwa anaweka kwa goti akitoka mazoezini. Robo saa, halas, anainuka anacheza na mtoto.

Velma wetu alikuwa anafanya kazi kwa mudiri wa ile timu, yule mkubwa anayesema nani anaandikwa na nani anaachwa. Mimi ndiye niliyempokea akifika, nikamfundisha kahawa yao, nikamwonyesha Batha pale tunapokutana Ijumaa kula kwa yule Mwethiopia. Mtoto wa jirani, nikamchukua kama damu. Sasa Ijumaa moja ya mwezi wa nane ananiuliza, dada Rose, mbona kila saa ni barafu na wewe, mnauza samaki? Na mimi nilikuwa nimeshiba, wasichana wote wananiangalia, unanijua nikiangaliwa. Nikasema ni goti la Fulgensio. Nikaongeza chumvi. Nikasema mifuko mitano kwa siku, nikasema ngazi anapanda na makalio. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Velma akashika mkate, akaapa hayo yataishia hapo mezani.

Hayakuisha hata wiki mbili.

Mudiri alikuja nyumbani na mtu wa kutafsiri, Msudani mmoja mpole. Nikaleta kahawa. Wakaongea kwa ustaarabu, habari za watoto, habari za joto, halafu mudiri akaweka kikombe chini na Msudani akatafsiri: "Mtu anayemaliza mifuko mitano ya barafu kwa siku hana goti."

Risper, hesabu mwenyewe. Mitano ilitoka kwa kinywa changu peke yangu dunia hii. Hata mwenye bakala angesema miwili.

Fulgensio alicheka. Akainua glasi yake, akawaonyesha, akasema barafu yote iko hapa. Akaomba daktari aje aangalie goti siku hiyo hiyo. Mudiri hakucheka. Huku kila timu imeruhusiwa wachezaji wa kigeni kadhaa tu kwa orodha, na orodha ikifungwa imefungwa, asiyeandikwa anakaa mpaka mwaka mpya. Ilifungwa baada ya siku mbili. Jina lake halikuwepo. Kitambaa akapewa mwingine, namba akapewa mwingine, na yeye akaambiwa afanye mazoezi na watoto wa akiba.

Miezi minne. Nilimwona akipiga mpira kwa ukuta wa nyuma ya nyumba, yeye na ukuta, mpaka jirani akalalamika. Mchezaji wa miaka thelathini na tano asipocheza miezi minne ni kama gari lililoegeshwa barabarani, kila mtu anauliza lina nini. Timu zilikuwa zinapiga simu kwa wakala wake, zikisikia neno goti zinakata. Madam akaanza kuuliza bei ya kusafirisha vitanda mpaka Paraguay. Na wao wakienda, ikama yangu, kile kibali cha kukaa huku, imekwisha, na mimi narudi kukusaidia kuvaa soksi.

Nilimfuata Velma Batha. Sikupiga kelele, nilimketisha tu nikamuuliza kama ni yeye. Hakukataa hata. Alikuwa anapaka mafuta midomo. "Dada Rose," akasema, "mimi nilibeba mzigo vile ulivyoufunga. Kama ulikuwa mzito, aliyepakia ni wewe." Wasichana wakaangalia sahani zao. Na kumbe alikuwa ameshatengewa zawadi yake, madam wake alimkatia tiketi ya likizo. Ile Desemba ulimwona hapo Chavakali na nywele mpya, akigawia watu sabuni. Sabuni ile ilitoka kwa goti la Fulgensio, na mama yake akapata hadithi ya kuuzia nyanya.

Nilikasirika zaidi kwa sababu alisema kweli. Mzigo nilifunga mimi. Lakini mimi nilifunga kwa ujinga, yeye akabeba kwa akili. Hapo ndipo niliapa na mimi kuurudisha ule mzigo, na sikushika mkate.

Mwaka mpya ukafungua milango, na timu moja ya Jeddah ambayo ilikuwa haina mtu wa katikati ikamwita. Mkataba mfupi, mpaka mwisho wa msimu tu, wamwangalie. Daktari wao alikaa na lile goti saa mbili nzima na hakuona kitu. Tukaanza kufunga mizigo. Nikiwa nakunja nguo za Pilar nikashindwa, nikamwambia madam kila kitu, Batha, chumvi, mifuko mitano, yote. Siku mbili hakunisemesha isipokuwa chumvi iko wapi, na neno hilo chumvi lilikuwa linanichoma. Siku ya tatu akaniletea karatasi za kuhamisha ikama yangu Jeddah niweke sahihi. Alisema Fulgensio amejua, na kwamba amesema niongeze barafu kwa friji. Basi. Hayo tu.

Sasa wewe niambie, mtu akikufanyia hivyo, si lazima utafute kitu cha kumlipa?

Nikaangalia ratiba kwa simu ya Hannah. Tarehe kumi na tatu Februari, Jeddah inaenda Riyadh kucheza na wale wale. Nikamtumia Velma voisi ya kwanza. Nikasema mdogo wangu, dunia hii ni fupi, tusahau yaliyopita, mama yako anaendeleaje. Sauti yangu nikaifanya ya mtu aliyechoka. Alirudisha siku hiyo hiyo, amefurahi, ananiita mpenzi.

Wiki nzima sikumwambia kitu. Wewe unajua kazi hii, tuliirithi kwa shangazi. Habari ukimpa mtu bure anaitupa. Unaacha akuvute, kila akivuta unasema achana nayo, mpaka ikitoka anaona ameichimba mwenyewe. Siku moja nikarekodi nikiwa jikoni, na katikati ya maneno nikamwaga mfuko wa barafu kwenye beseni, makelele yake yote yakaingia. Hakungoja. Akauliza, dada, bado ni barafu tu? Nikasema achana nayo. Kesho akauliza tena. Nikasema Velma, ulinichoma mara moja. Akaapa. Keshokutwa nikalia kidogo, nikasema lile goti limeisha kabisa, Jeddah wanaficha, ndiyo sababu wanamwingiza dakika kumi za mwisho. Nikasema kugeukia kushoto hawezi, hata mlangoni anazunguka kama lori.

Na kweli alikuwa anaingizwa dakika kumi, kwa sababu alikuwa anarudisha pumzi. Kila mtu aliona kwa televisheni. Uongo wangu ulikuwa na mguu mmoja wa ukweli, ukasimama.

Siku ya mechi madam alinipeleka nimshike Pilar, tukapanda ndege, mimi dirishani. Mechi ilianza jua likiwa bado juu. Tuliketi upande wa familia za wageni, na timu zilipotoka, Fulgensio alikuwa amevaa na wale kumi na mmoja wa kuanza. Wale wa Riyadh wenyewe wakaanza kuimba jina lake. Watu wa kuimba hawakuwa na ubaya naye. Mimi macho yangu yalikuwa kwa viti vya wakubwa, nikitafuta mudiri. Alikuwepo, anatafuna kitu.

Kipindi cha kwanza, nakwambia, hakuna aliyemkaba. Walipeleka watu wawili kwa yule winga wetu wa mbio, na Fulgensio wakamwacha katikati kama mtu anayengojea mgeni stendi. Na akipata mpira, yule beki anayekuja anakuja upande wa kulia tu, anaziba kulia, kushoto kote anaacha wazi. Madam akawa anasema kwa Kihispania, mbona wanacheza hivi, mbona hivi. Mimi nilikuwa namlisha Pilar karanga.

Dakika ya sabini na moja. Mpira ulimfikia akiwa ameligeuzia goli mgongo. Beki akaja, akaziba kulia. Fulgensio akageukia kushoto, taratibu, vile anavyogeuka akichukua mrija wake mezani, akapiga. Kipa alianguka mpira ukiwa umeshalala ndani.

Niliruka. Karanga ziliruka, Pilar aliruka, kitambaa changu cha kichwa kilienda viti vitatu mbele. Halafu nikaangalia chini nione atafanya nini, kwa sababu miezi minne nilikuwa nangojea hiyo dakika. Nilitaka akimbie mpaka chini ya mudiri. Nilitaka afanye mambo ya aibu.

Akasimama. Akainua mikono yote miwili, viganja mbele, kama mtu anaomba radhi kwa kuvunja kikombe cha watu. Wenzake wakaja kumrukia, akawazuia.

Risper, damu ilinipanda. Nikamuuliza madam, huyu anawaomba msamaha wa nini? Akaniambia ni desturi yao, ukifunga timu iliyokulisha, hushangilii. Ni heshima kwa wale wa kuimba. Nikasema kwa Kiswahili, heshima mavi. Hakuelewa, na afadhali. Nilikaa dakika zote zilizobaki nimenuna, bao tunalo na nimenuna.

Mpira ukaisha moja bila. Wakubwa wakashuka kusalimiana na wachezaji, kamera ziko. Mudiri akaja na mkono mbele, anatabasamu yale ya kamera, na yule Msudani pembeni yake. Fulgensio akaupokea ule mkono kwa mikono miwili. Na hakuuachilia. Tulikuwa tumesogea mpaka kwenye uzio, maneno nilisikia mwenyewe, kwanza Kihispania, kisha Msudani akayageuza polepole kwa Kiarabu, na Kiingereza juu yake ili watu wa kamera nao wapate, nadhani alikuwa anayaonja: "Mudiri, anasema ana kiu. Anaomba mifuko mitano ya barafu."

Ule uso, mdogo wangu. Kama ningejua kuchora ningekuchorea. Alijaribu kuvuta mkono, ukakataa. Akacheka, watu wakamwangalia tu. Na barafu ililetwa, kwa sababu kamera zilikuwa zinangoja. Mitano, nilihesabu. Kwenye basi la wachezaji walikunywa yale majani mpaka mtungi ukaisha, na Fulgensio akamtuma madam aniletee glasi yangu. Ni chungu, lakini siku hiyo niliimaliza.

Timu ya Jeddah imempa msimu mwingine mzima. Kwa hiyo ikama yangu iko, na vitanda haviendi Paraguay.

Kuhusu zile voisi, Fulgensio hajui. Anasema aliachwa wazi kwa sababu walimdharau, na kila akisimulia macho yanawaka kama ya kijana. Mimi namwongezea barafu, nanyamaza. Kugeuka aligeuka mwenyewe na goti ni lake, mimi nilimtolea tu kiti njiani. Wewe ndiye wa kwanza kujua, ndiyo sababu ya barua.

Velma sasa. Mudiri alimuuliza mke wake ile habari ya goti aliitoa wapi, na mke akageuka kumtazama aliyekuwa anapiga pasi. Hawakumpiga, hawakumtoa nchini. Wamemhamisha tu kwa mama mzazi wa huyo mke wa mudiri, nje ya mji huko kwenye mitende, nyanya mmoja kiziwi ambaye mpaka umpigie kelele mara tatu ndio asikie. Batha hakuna. Ijumaa hakuna. Habari zote anazo, wa kumpa hana. Ningeambiwa nimchagulie mahali mimi mwenyewe, nisingefikiria pazuri hivyo. Pole sina. Nimeitafuta, haipo.

Alinitumia voisi ya dakika tisa. Analia, anatukana, anaomba, anatukana tena. Mwisho akasema, "Dada Rose, uliniambia goti limeisha. Sema kitu."

Na mimi maneno nilikuwa nayo tangu mwezi wa tisa, nimeyapanga, nimeyapiga pasi. Mzigo vile ulivyoufunga, nilitaka kumrudishia lile lile. Nikakaa jikoni na simu mkononi. Halafu nikachukua glasi ya Fulgensio, nikatia barafu, nikaweka simu karibu, nikaitingisha. Nikatuma. Sekunde sita, hakuna neno. Aliisikiliza, niliona imesikilizwa. Mpaka leo hajajibu, na mimi sijawahi kushiba hivyo kwa kunyamaza.

Basi karatasi ya Hannah inaisha na ana sura ya kuihesabu. Nisalimie Mama, umwambie ile nyimbo ya kanisa ya Jumapili nimeiimba jikoni sauti ya chini. Nisalimie Hezekiah na ukuta wake, Elijah na mke wake, na yule Ian mdogo umwambie jezi inakuja na Bonface, imewekwa sahihi, asiifue. Mama yake Velma pia msalimie, tena kwa jina langu. Akikuuliza habari zangu, mwambie dada yangu hajambo, anapika, na bosi wake amepona. Ununue nyanya, uende zako.

Mungu awafunike ninyi nyote hapo nyumbani, awape mvua ya kutosha na majirani wenye masikio madogo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa mbali,
Roseline.

Najua kunyamaza kutakushinda, sisi ni wa tumbo moja. Basi ukisimulia, usiongeze chumvi. Mifuko ilikuwa miwili.